Namba Inayotangulia

Kwa Chepchirchir mtoto wangu,

Hapa Boito hatujambo, ng'ombe amezaa, mursik ya maziwa yake iko kibuyuni. Majuzi nilienda Kericho kukupigia simu. Mwanaume akashika, akasema, "Mama, hapa hakuna Chepchirchir." Nililia hapo kwa kibanda, nikidhani umehama, hutaki tukupate tena tangu mgombane na baba yako.

Kumbe huko Mombasa unakokaa kuna namba yake, 011, lazima itangulie. Bila hiyo simu haitoki Kericho. Drusilla wa posta alicheka sana: "Mama, umepigia jirani!"

Baba yako bado hataji jina lako, lakini ndiye aliyeandika 011 kwa makaa ukutani jikoni.

Jumapili baada ya kanisa nitapiga. Ukisikia mtu anakohoa nyuma yangu, ni yeye.

Mama yako anayekungoja,
Janeffer