Siku Kanda Zako Zilipogusana

Baba Atieno wangu,

Unakumbuka Jumapili zetu, tukitoka kanisani Kawangware kwenda kumsalimia mama yako kule mtaani Raila? Wenzetu wakitembea huongea juu ya kodi ya nyumba. Wewe uliongea elektroni. Ulinieleza kwamba ndani ya fuwele atomu zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia, na mpangilio huo ndio unaoamua kanda za nishati ambamo elektroni zinaruhusiwa kukaa. Katika fuwele yako, elektroni ikienda kulia ama kushoto kwa mwendo uleule, nishati yake haibadiliki.

“Basi wewe si elektroni,” nikakwambia. “Kwenda kwa mama unakimbia, kurudi unaburuta miguu.”

Ulicheka mpaka ukaegemea ukuta wa magorofa ya Nyayo Highrise.

Halafu ikaja ile shida. Kwenye mchoro wa tasnifu yako ya chuo kikuu kulikuwa na mahali ambapo kanda mbili zilipaswa kugusana. Ulisema ulinganifu wa fuwele unazilazimisha. Lakini kompyuta ilikuonyesha mwanya mdogo kati yake, na mwanya huo ukakukondesha. Ulikula ugali ukiutazama. Mwalimu wako akakushauri utafute mada nyingine, ukakataa, nami nikaogopa kwamba masomo yako yataishia hapo.

Siku uliyonipigia simu nilikuwa saluni, kichwa cha mteja nimekisuka nusu.

“Mama Atieno, zimegusana.”

“Nini imegusana?”

“Kanda. Atomu moja niliiweka vibaya kidogo, nikavunja ulinganifu. Nimeirudisha mahali pake, mwanya umeisha.”

Uliongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyembeba mtoto aliyelala. Mteja akaniuliza kama kuna habari mbaya, kwa sababu nilikuwa nalia.

Hukupata muda wa kuandika sura ya mwisho ya tasnifu. Figo zilikuangusha haraka, na tangu tulipokuzika sijapita tena na ile njia yetu ya Jumapili. Natumia nyingine, ndefu zaidi.

Wiki iliyopita rafiki yako Wafula, mliyesoma naye, aliisoma kazi yako mbele ya walimu. Nilikwenda na mama yako. Picha ya mchoro wako ilipotokea ukutani, akanishika mkono.

“Ni hiyo?”

“Ni hiyo, mama.”

“Sasa hapo yeye alifanya nini?”

Nikamwonyesha mahali kanda zinapokutana. Aliangalia kwa muda mrefu, kisha akavua miwani, akaipangusa kwa leso yake, akaivaa tena.

Baadaye msichana mmoja akainua mkono. Aliuliza, ukiifinya fuwele upande mmoja tu, ulinganifu ukapungua, je, zile kanda zitaachana mara moja ama kuna kitu kingine kitazishikilia? Wafula akaugeukia mchoro ukutani. “Hilo,” akasema, “angejibu mwenyewe.”

Nikajikuta nimegeuka kuangalia mlangoni.

Tangu siku hiyo swali hilo linalala na kuamka na mimi. Najua halinihusu, nasuka nywele tu. Lakini nikiwa peke yangu nalitamka kwa sauti, polepole, vile ulivyopenda kuulizwa, kisha natulia kidogo. Jibu lenyewe silitaki sana. Natamani kukusikia ukilitafuta, hata ukilikosea.

Pumzika, mpenzi. Huku bado tunakuita.

Mkeo,
Mama Atieno