Rangi ya Udhuru

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, magoti yametulia na miwani iko machoni, si juu ya kichwa huku ukiitafuta nyumba nzima. Shangazi naye mpe shikamoo yangu. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio ulionifanya nikuandikie badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ningelia tu na usingesikia kitu.

Kazini bado naandika vibao. Bosi amenunua mashine ya kuchapa mabango, basi sisi watu wa brashi tumebakiwa na mageti na kuta. Nilikata tamaa hadi nikawa napaka rangi huku naangalia saa. Ndipo fundi mwenzangu, yule tunayemwita Domo kwa kuwa siri hazikai kwake, akanionyesha mahali kwenye simu ambapo wachoraji huweka kazi zao. Yuko mwanamke anayechora viatu vilivyoachwa mlangoni, na mzee mmoja asiyechora kitu ila mikono ya vinyozi. Mama, nilitamani brashi kama mwenye njaa. Siku hiyo hiyo nilinunua karatasi.

Aliyenivuta kuliko wote anajiita Brashi Kavu. Sura yake haionyeshi. Anachora ndani ya vyumba: ndoo chini ya bomba, kiti kilicholemewa na nguo. Nilipoweka picha yangu ya kwanza, sufuria kwenye sinki, nikijiita Binti Geti, yeye ndiye aliyetangulia kunijibu. Alisema kivuli cha sufuria kinaelea, nikikalishe chini. Nilinuna, nikarudia, nikaona kweli. Tangu hapo kila nilichochora nilimwonyesha. Husema ukweli bila kumvunja mtu moyo, na yeye kila mtu humwita “ndugu yangu”. Domo akaanza kunitania kwamba nimepata mchumba wa kwenye kioo. Nilimwambia aache umbea, ila nilikuwa nacheka.

Juzi Brashi Kavu aliweka picha ya kamba ya nguo, akaeleza kwamba shati la katikati amelipaka rangi ya udhuru. Watu wakamuuliza hiyo ni rangi gani, mbona madukani haipo. Akajibu kwamba kwao ndivyo walivyoiita buluu iliyopauka.

Mama, neno hilo ni lako. Ni wewe uliyelifua shati la Baba hadi likachuja, na kila mgeni akilitazama ukatoa udhuru kwamba lilitoka kiwandani hivyo. Hakuna nyumba nyingine yenye rangi hiyo. Nilijikalia juu ya kopo la rangi, kumbe halina kifuniko. Domo alicheka mpaka aliponitazama usoni.

Ni yeye, Mama. Mwanao yu hai. Kaka ndiye aliyenirudishia brashi mkononi, wala hakujua anamrudishia nani.

Nikamwandikia faraghani. Nilimwambia najua shati lile lilikuwa la nani, kwamba Baba ametangulia, na kwamba wewe hujaacha kumpakulia yeye sahani yake. Nikaona amesoma. Kisha akaniuliza jambo moja tu: kama chakula cha siku ile kilikuwa kitamu.

Siku yenyewe unaijua. Baba aliwashia jiko michoro yote ya Kaka, akasema angalau sasa imefaa kitu, na chakula kilipoiva sisi tukaketi tukala. Hakuna aliyesusa. Yeye akavaa viatu akaondoka, tusimwone tena. Na ukweli ni kwamba kilikuwa kitamu, lakini jambo hilo unamwandikiaje mtu? Nilikuwa bado naandika, nafuta, naandika tena, mara nikaona jina lake halipo. Amenifungia. Nilipokuwa mgeni aliniita ndugu, nilipomwambia mimi ni ndugu akanifanya mgeni. Nimelia, Mama, na simlaumu.

Simu ya Shangazi Kaka haijui, kwa hiyo yenyewe bado inaweza kumwona. Mwambie atafute jina nililokuandikia hapo juu. Mtakuta picha ya mwanamke anayechagua mchele. Uso hakuuchora, ila vidole utavitambua, kwa sababu ni vyako. Kaa nayo kadiri utakavyo. Lakini mzuie Shangazi na ule mkono wake mwepesi: asibonyeze alama ya moyo, asiandike salamu, wala asimmwagie dua pale mbele za watu. Akitujua atafunga na mlango huo, na wewe hutamwona tena. Najua nakuomba neno zito, mzazi kumwona mwanawe na kunyamaza. Mtazame tu, Mama. Usimwite.

Wasalimie wote wa hapo nyumbani, na majirani wanaoniulizia. Ukiweza kuandika, niandikie.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Kitindamimba wako