Mkono Wangu Katika Stoo ya Bi Sauda

Arua

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Natumaini mguu wa shemeji umepoa na Mama anakula vizuri. Mimi mwili mzima; ni uso tu ndio siku hizi sijui niuweke wapi.

Uliniuliza kwenye simu, "Huko Arua unafundisha nini hasa?" nikababaika. Nafundisha vijana kuandika programu za kompyuta kwa kile tunachokiita objekti. Waliolianzisha jambo hilo walikuwa na wazo zuri: programu iwe kama mtaa wa nyumba nyingi. Kila nyumba itunze siri zake, na nyumba zisemezane kwa kutumiana ujumbe. Ukitaka chumvi kwa jirani unapiga hodi, unaomba; yeye ndiye ajuaye kopo liko wapi, na ana haki ya kusema imekwisha. Yako wewe huisha hata kopo likifurika, lakini ni haki yako. Mafundi wa leo tumebaki na jina tu. Tunajenga nyumba, kisha kila jirani tunampa ufunguo wa jikoni, maana kazi inaisha haraka. Darasani nakemea tabia hiyo mpaka sauti inakauka.

Sasa sikia nilichofanya. Ushirika mmoja wa wakulima uliniomba programu ya stoo zao mbili, ya hapa Arua na ya Koboko, mji ulio karibu na mpaka wa Congo. Ya Koboko anaitunza Bi Sauda, binti wa askari wa zamani, mwanamke wa maneno machache. Nilikuwa na haraka, nikaandika vilevile ninavyowakataza wanafunzi: meneja wa ushirika akiwa amekaa Arua aliweza kuingia ndani ya stoo ya Koboko na kubadilisha kilichomo, Bi Sauda asiulizwe.

Mvua zilipoanza, meneja alipakia mbegu za karanga kwenye lori, akaona ajirahisishie: akaandika kwamba zimeshafika Koboko. Programu ikawatumia wakulima ujumbe waje kuchukua. Lori lenyewe lilikuwa limekufa Manibe, hata halijaiacha Arua vizuri.

Wakulima wakajaa mlangoni kwa Bi Sauda, na Kiswahili chao cha huku, ambacho "nasema" ni "inasema".

"Mama, mbegu iko wapi? Simu nasema iko!"

"Kwa stoo hapana."

"Umeuza Congo!"

"Basi enda panda hiyo simu," akawajibu.

Kufika jioni alikuwa mwizi machoni pa mji mzima, na kamati ikamnyang'anya funguo. Wakaitisha mkutano, nami nikaitwa nilete ushahidi wa kompyuta. Ushahidi upi, dada? Kompyuta ilishikilia kwamba mbegu zilifika. Meneja aliinamia viatu vyake. Bi Sauda alikaa peke yake kwenye benchi, hakuna aliyetaka kukaa karibu naye. Nikasimama, nikasema mbegu hazikufika, ziliandikwa kutoka Arua, na aliyeuacha mlango wazi ni mimi.

Mzee mmoja akanitazama sana. "Wewe ndiyo mwalimu nafundisha mtoto yangu kompyuta?"

"Ndiyo, mzee."

"Eh! Nafundisha yeye kuingia kwa nyumba ya mutu hivi hivi?"

Walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Nilitamani ardhi inimeze, ila kwa tumbo nililonalo ingepaliwa. Bi Sauda akarudishiwa funguo. Alizipokea bila kunitazama.

Programu nimeiandika upya. Sasa Arua inaomba, Koboko inajibu. Juzi meneja alijaribu tena kuandika kwamba mzigo ulio njiani umeshafika. Bi Sauda akajibu hapana. Meneja akanipigia: "Mwalimu, mashine yako nakataa mimi!" Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yake.

Lakini Bi Sauda mwenyewe bado hajasema amenisamehe. Nilimfuata Koboko, nikasimama mlangoni pa stoo, nikamwomba radhi. "Nimesikia," akasema, akaendelea kufagia. Nikamtumia salamu kwa dereva wa lori, kimya. Jibu liko kwake, dada, nami sina pa kupitishia mkono.

Mpe shemeji pole yangu. Mama msalimie sana, ila habari za mkutano usimsomee, maana ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe ni bingwa. Fundi cherehani wa pale kona mwambie shati lake bado linanibana, na kosa si lake. Wapwa wangu wabusu mmoja mmoja, hata yule anayekimbia.

Ni mimi mdogo wako, nikutaniaye na kukuheshimu,

Hamisi