Papa Laurent, Jina Ulilokataa Kulitoa

Mwaka umezunguka, Papa Laurent, tangu asubuhi ile ulipotuacha hapa Rwambuzi. Kofia yako bado iko msumarini. Mama hakubali iguswe.

Ulikuwa fundi wa nguo za shule. Mtoto akija kupimwa, ulimwambia mzazi wake, "Tuache pindo kubwa, huyu bado anakua," na mwaka uliofuata ulilishusha bure. Ulicheka ukiziba mdomo, kwa ajili ya lile jino lako lililovunjika.

Tena ulikuwa na gitaa. Ujanani kwako, kule Nizi, redio ilikufundisha kantri, zile nyimbo za polepole za watu wa mashamba wanaolilia walichopoteza. Nawe ukatunga wimbo wako, kwa Kiswahili chetu. Ulimtungia Abigaël, mdogo wetu wa mwisho, aliyekufa kwa homa njiani tulipokimbia vita. Tulimzika kando ya barabara, haraka haraka, bila msalaba. Hadi leo hakuna kati yetu anayeweza kupaonyesha.

Adolphe, mwenye studio, aliusikiliza mpaka mwisho.

"Wimbo iko muzuri, papa, lakini inalala. Batu banataka kucheza. Na ile jina ya mutoto, toa. Tutaweka jina ya patron moja mwenye feza, ye atalipa, redio zote zitapiga."

Ukamjibu, "Ile jina haina fasi ingine ya kukaa."

Basi ukaurekodi ulivyoutaka. Redio iliupiga Jumapili moja mchana. Majirani walijaa uani, nawe umevaa koti. Kabla ya ubeti wa pili mtangazaji akaingilia kati kutangaza mechi, kisha akaweka muziki wa kucheza. Watu hawakujua watazame wapi.

"Lakini gitaa ilisikika," ulisema, ukaingia ndani kuvua koti.

Wimbo haukupigwa tena. Vijana tuliowawekea katika simu waliufuta wapate nafasi. Ulipouimba kwenye harusi ya binti wa jirani, walikuomba kwa adabu ukae. Ulikaa.

Ulidhani mkeo, Mama Denise, haupendi. Ndiyo maana uliuimba kwenye chumba chako cha kushonea tu, usimtoneshe kidonda. Hukumuuliza, naye hakusema. Ugonjwa ulipokuvimbisha mikono ukashindwa nyuzi za gitaa, mama aliketi kitandani pako akauimba yeye, beti zote, bila kukosea neno.

"Kumbe weye unaijua?"

"Unakumbuka chakula yako ilikuwa inafika ya baridi? Nilikuwa nasimama inje ya mulango mpaka umalize. Alikuwa mutoto yangu pia, Laurent."

Mlilia. Tangu tumzike Abigaël hatukuwahi kuwaona mkilia pamoja. Nasi tulisimama pale mlangoni, watu wazima, tukashindwa hata kuingia. Juma lile lile ukaenda zako.

Jumapili hii tutakuombea misani, kisha tutakula pamoja nyumbani.

Wanaokukumbuka ni mke wako Denise. Watoto wako Gaël, Prudence na Michée. Dada yako Bernadette aliyeko Gety. Wajukuu wako, na wote uliowashonea nguo.

Umsalimie Abigaël, papa. Maadamu tunaishi, nyinyi wawili hamtasahaulika.