Fuwele Iliyoingia Maji

Tsukuba, mvua za Juni zikielekea ukingoni

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na lile goti limepata nafuu. Plamu za chumvi ulizonitumia zimefika, nazila na wali kila asubuhi. Ahsante sana.

Mwili hauna neno, roho ndiyo inayoumwa. Yule Sakuma, kijana wa maabara yetu niliyemfundisha hata kushika koleo, amepata kile nilichokitafuta tangu nikiwa mwanafunzi: fuwele ya matabaka ambayo ikipozwa sana hupitisha umeme bila kupoteza hata chembe. Na ameipata kwa uzembe! Mimi zangu nazikausha na kuzifungia. Hii iliachwa kwenye sanduku lililo wazi, hewa ya mvua ikaingia, maji yakapenya kati ya matabaka, na maji hayo ndiyo yaliyoleta maajabu.

Siku sanduku lilipokutwa wazi, Mwalimu Kuramochi, mkuu wa maabara, alimfokea Sakuma kwamba hata bibi yake hufunika mtungi wa achari. Sasa anamwita "mwanangu". Jina la Sakuma litatangulia kwenye makala ya ugunduzi huo, na kazi ya kudumu niliyoingoja atapewa yeye. Kwenye karamu ya kumpongeza, mwenzetu mmoja alinitania, eti dada Chizuru, nawe jifunze kusahau kidogo! Nilicheka nao. Moyoni wivu ulikuwa unanitafuna, mama, sikufichi.

Juzi Sakuma alinifuata nikiosha vikombe. Akasema polepole kwamba siku ile aliinama akaomba radhi kwa sababu yeye ndiye mdogo, lakini fuwele ile haikuwa yake. Kwamba niliiotesha mimi, na sanduku nililiacha wazi mimi. Yeye aliipima tu badala ya kuitupa. Akaniomba twende wote kwa Mwalimu, jina langu litangulie.

Alisema kweli, mama. Nililijua hilo tangu alipofokewa, nikanyamaza. Lakini kupokea ushindi kutoka mkononi mwa Sakuma, aonekane mwema tena mbele ya watu! Nikamwambia, "Mimi? Mimi sisahau vitu, mdogo wangu. Usinisingizie." Akainama, akaenda zake.

Makala imetumwa leo asubuhi, jina la Sakuma likitangulia. Muda wote huu nilimwonea wivu kwa kitu changu mwenyewe, na nimekikana kwa kinywa changu.

Nisalimie baba, na majirani wote. Wakiuliza habari za kazi, waambie naendelea vizuri.

Mwanao,
Chizuru