Nyota Hazizuii Udongo

Katoro, Geita

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepungua kuvimba, na dada Mbuke anakusaidia shambani, maana nasikia mvua imekatika mapema huko Kishapu. Mimi mzima. Nakula, nalala, nauza mchele wangu sokoni kama kawaida.

Uliniuliza kwenye simu kaka Mihayo alikufaje, nikashindwa kusema. Sasa naandika.

Kabla ya kuingia kwenye duara jipya, ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu huku, kaka alikwenda kwa Mzee Adam, mnajimu wa hapa aliyetoka Tabora, kutazamiwa siku. Aliporudi aliniambia Jumanne ni njema, ila mzee amemkazia kwamba nyota hazizuii udongo, kwa hiyo akague kwanza matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za shimo. Alilisimulia hilo huku akicheka. Jumanne hiyohiyo kifusi kikamfunika.

Niliporudi huku baada ya mazishi, nilikuta wachimbaji wamemkalisha mzee mbele ya mwenyekiti wa mtaa, wanataka afukuzwe na nyumba yake ichomwe. Mwenye duara ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Wakanitaka niseme, maana mimi ndiye mfiwa. Nikasema hayohayo ya matimba. Watu wakageuka kumtazama mwenye duara, maana kuweka matimba ni juu yake, kisha wakaondoka mmoja mmoja.

Jioni nilimfuata mzee, nikamuuliza kama kifo cha kaka kilikuwa kimeandikwa. Nilitaka aseme ndiyo.

Akasema, "Mwanangu, sijui."

Alinieleza kwamba mwalimu wake alimfundisha falaki kama fani, kama walivyoisoma watu wa zamani pamoja na hesabu na utabibu. Mwenye fani hupima, na hukosea kama tabibu anavyokosea.

Mama, sijalia mpaka leo. Mchungaji, majirani, kila aliyekuja kunipa pole alijua kwa nini Mihayo amekufa. Mzee peke yake hakujua.

Sasa nikuambie litakalokuumiza. Sirudi Kishapu. Kila jioni nikifunga biashara nakwenda kwa mzee kujifunza. Sijui kama naamini. Najifunza majina ya nyota na njia zake, na kwa muda huo kichwa kinanyamaza. Wakiuliza kanisani, waambie ukweli.

Nguo za kaka nimezigawa kwa wenzake. Koti nimebaki nalo, usiniombe.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na baba mdogo Charles umfikishie shikamoo yangu.

Ni mimi mwanao,
Violeth