Balozi wa Nyumba Kumi wa Badakhshan

Mama,

Mjukuu wako Nurin ameposwa. Nimeona nianze na hilo kabla ya salamu, maana nakujua, ungenikatiza tu uniulize, "Wa wapi?"

Hapo ndipo penye kazi. Kijana anaitwa Firdavs, mwalimu wa hesabu, mpole, ana masikio makubwa. Kwao ni Badakhshan, nchini Tajikistan, katikati ya Asia, mbali na bahari kuliko hata Tabora yetu. Ni Ismaili kama sisi. Usishtuke. Wewe uliamini kwamba Ismaili asiyejua kachori hajazaliwa bado, na wale wanawake warefu wenye macho ya kijivu tuliosali nao jamatkhana hapa Toronto ukawaita Warusi mpaka mwisho. Shangazi yake Firdavs ni Gulbegim wa ghorofa ya tisa, yule uliyekuwa ukinifinya kwenye lifti na kuninong'oneza, "Mrusi wako huyo." Ni kweli alikuwa akiongea Kirusi kwenye simu. Lakini si Mrusi, Mama.

Sina neno na dini yake wala na masikio yake. Neno ni kwamba amepata kazi ya kufundisha chuoni kwao, mji wa Khorog, na akimwoa Nurin watahamia huko. Tangu ulipotutoka tumebaki wawili katika nyumba hii, mimi na yeye, na kiti chako hakuna anayekikalia. Jumamosi wazee wao wanakuja kuchukua jibu, na wa kulitoa ni mimi.

Basi nikafanya ulivyonifundisha. Nilipoposwa mimi hukutaka kusikia maneno ya mshenga hata kidogo. Ulipanda basi mpaka Nzega ukamtafuta balozi wa nyumba kumi wa mtaa wa wakwe. Ulisema mkuu wa mkoa atakupa hotuba, mkuu wa wilaya atakupa karatasi, lakini balozi wa nyumba kumi ndiye anayejua nani humfokea mama yake asubuhi. Ulirudi na vumbi hadi kwenye nyusi, ukasema mtu huyo anafaa.

Sasa Badakhshan wana balozi wa nyumba kumi? Nikafungua ramani kwenye kompyuta ya Nurin, na sikuifunga wiki nzima. Chai ilipoa, wali ukaungua, mimi nimo milimani. Mkoa huo peke yake unachukua karibu nusu ya nchi, na bado watu wake ni wachache, kwa sababu karibu mkoa wote ni majabali. Upande wa mashariki kuna wilaya inaitwa Murghob, uwanda wa juu sana, baridi na upepo, wanafuga ng'ombe wenye manyoya marefu kama zulia. Upande wa magharibi watu wamebanana mabondeni na miti yao ya aprikoti, na bonde likibadilika lugha nayo inabadilika. Wilaya ziko saba. Nilizikariri nikipiga pasi: Darvoz, Vanj, Rushon, Shughnon, Roshtqala, Ishkoshim, na hiyo Murghob. Nurin alinitazama kana kwamba nimerogwa.

Wanauita mkoa unaojiendesha. Nilimwuliza Firdavs unajiendeshaje ndani ya nchi nyingine, kama Zanzibar au vipi? Akacheka kidogo, akasema kwenye karatasi unajiendesha, kisha akaomba chai. Na mgeni akiwa na viza ya nchi mkononi, bado anahitaji kibali kingine cha kuingia mkoani. Hilo ungelipenda, wewe uliyetaka kila mtu apige simu kabla ya kugonga mlango.

Nikazidi kushuka. Chini ya wilaya kuna jamoati, ambayo naona ni kama kata. Chini ya jamoati kuna vijiji. Na ndani ya kijiji, Firdavs akanieleza, kila mtaa una mzee wake, anayejua bomba la nani limeganda na nani hasemi na nani. Nilipiga makofi jikoni kama mtoto. Yupo, Mama. Hawamwiti hivyo, lakini yupo.

Nikataka kumpigia. Nurin akaziba uso. "Mama, please, huwezi tu kumpigia mtu kumuuliza mambo ya watu. It's so embarrassing." Nikamwambia bibi yako alipanda basi, mimi napiga simu tu, kaa chini. Gulbegim akashuka na simu yake ya picha, akawa mkalimani.

Mzee alitokea amevaa kofia iliyodariziwa, nyuma yake ukuta wa mawe. Kabla sijafungua kinywa, akaanza yeye. Tabora ni mkoa au wilaya? Kuna milima? Mnakunywa maji ya wapi? Kumbe mwenzangu naye alikuwa na ramani yake. Nilimjibu vizuri tu, hadi alipouliza, huko Toronto mzee wenu wa mtaa ni nani, ili naye amwulizie habari zetu.

Miaka yote katika jengo hili, majirani nawajua kwa harufu ya vitunguu vyao. Nani angetusemea?

Gulbegim akaanza kuzungumza na mzee kwa lugha yao, maneno marefu, bila kunitafsiria. Mzee akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Nikamwuliza umemwambia nini? Akasema amemwambia aulize kwake, yeye anatujua. "Mama yako nilimwosha mimi."

Sikujua, Mama. Siku ile ya maziko yako niliona wanawake wa kujitolea wakiingia na mlango ukifungwa, sikumwona uso hata mmoja. Kumbe alikuwamo. Anasema alizichana nywele zako polepole kwa kuwa hakujua ulizipenda zielekee upande gani. Nikamwambia, kushoto. Tukalia wote wawili mbele ya simu, na mzee wa watu akatusubiri.

Halafu nikamwuliza mzee habari za Firdavs, naye akajibu. Firdavs anachelewa kuamka. Akikasirika hutoka nje kupasua kuni mpaka hasira ziishe. Hajawahi kumpandishia bibi yake sauti. Nilimwamini kwa sababu alianza na kuchelewa kuamka.

Kwa hiyo mtu anafaa. Lililobaki ni langu mwenyewe, kwamba ni mbali, na sijui nitakaaje.

Jana nilimwambia Firdavs hivyo waziwazi, na yeye akanieleza habari za kijiji chao. Kiko wilaya ya Shughnon, kando ya mto Panj, na mto ndio mpaka. Ng'ambo ni Afghanistan, lakini wilaya ya ng'ambo nayo ni Shughnon, lugha ileile, watu walewale, unaona moshi wa majiko yao. Mpaka ulipofungwa, mama yake bibi yake alikuwa huku na dada yake akabaki kule. Basi alikuwa akishuka mtoni na kumpigia kelele. Ng'ombe amezaa. Mtoto ameota jino. Maji yana mshindo, asijue kama anasikika, anaona tu mtu amesimama. Watoto walimwuliza, kwa nini unajisumbua? Akawaambia, "Sasa nimwambie nani mwingine, na ng'ombe ni wa mama yetu?"

Jumamosi nitawajibu ndiyo. Nitalia nikiisema, nao watavumilia.

Pumzika, Mama. Nakuahidi nitakuletea kila habari ya mtoto huyu atakapokuwa huko, kubwa na ndogo. Usiposikia nitarudia.

Binti yako,
Yasmin